Kuwafundisha Watoto Kutunga: Habari Zake Tangu Kiungani Hata Pwani ya Nyasa

Leo nataka kuwaeleza habari za kazi moja ya shule ambayo watu wengi huidhania kuwa ni ndogo, nayo ni kuwafundisha watoto wadogo kutunga maandiko yao wenyewe. Sisemi habari za kunakili maneno ya ubaoni, wala za imla, ambayo mwalimu husoma na watoto wakaandika. Kazi hizo zina faida yake, na mtoto asiyezipitia hataandika vizuri. Nasema habari za mtoto aliyewekewa karatasi tupu, akaandika juu yake jambo alilolijua au alilolifikiri mwenyewe, kwa maneno aliyoyachagua mwenyewe.

Wazazi wengi wa Ngumbo, na wa vijiji vingine vya pwani hii ya Ziwa Nyasa, huuliza: "Mwalimu, mtoto wa miaka minane ana jambo gani la kutunga? Mfundisheni kwanza kusoma na kuhesabu, na hayo mengine yatakuja akiisha kuwa mtu mzima." Swali hilo ni la haki, nalo halijibiwi kwa hasira. Mimi nitalijibu kwa habari za kale, kwa kuwa jambo hili lilikwisha kujaribiwa katika nchi zetu zamani sana, na walioliandikia walikuwa watoto, wengine wao wametoka katika nchi hizi za ziwa letu.

Yafaa tuanze na hali ya nchi ilivyokuwa. Kabla ya shule kujengwa huku, njia za misafara ya watumwa zilipita katika nchi za Nyasa kuelekea Kilwa na pwani ya bahari. Watu walikamatwa katika vita, au walichukuliwa njiani, au waliuzwa kwa deni na kwa njaa. Walifungwa, wakatembezwa miezi, wakapakiwa katika majahazi kwenda Unguja na mbele yake. Wengi wao walikuwa watoto, kwa sababu mtoto hana nguvu za kupigana wala hajui njia ya kurudi kwao.

Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni iitwayo U.M.C.A. alifika Unguja, na mwaka huo huo Sultani Majid alimpa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza. Baada yao wakaja wengine, waliotekwa kutoka majahazini na manowari za Kiingereza, na baadaye wavulana wakawekewa shule yao Kiungani, nje kidogo ya mji, na wasichana wakawekwa Mbweni. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba, lakini biashara ya siri iliendelea, na watoto waliookolewa wakazidi kuletwa.

Fikirini basi hali ya darasa lile. Myao alikaa na Mmakua, na mtu wa Nyasa alikaa na mtu wa nchi ambayo hakupata kuisikia. Lugha za kwao zilikuwa mbali mbali, ikawabidi wote wajifunze Kiswahili. Walifundishwa kusoma, kuandika, kuhesabu, na dini. Katika waalimu wao alikuwako Bwana A. C. Madan, msomi wa Christ Church katika mji wa Oxford, yule yule aliyetengeneza baadaye kamusi za Kiingereza na Kiswahili, moja mwaka 1894 na moja mwaka 1903.

Basi wavulana wale walitakiwa waandike habari zao wenyewe: walikozaliwa, nyumba za baba zao zilivyokuwa, siku waliyokamatwa, watu waliowauza, njia waliyopita, jahazi, na jinsi walivyookoka. Mwaka 1887 habari hizo zilipigwa chapa London katika kitabu kilichoitwa Kiungani, naye Madan ndiye aliyezitafsiri na kuzitengeneza. Zamo pia hadithi na habari za desturi za makwao.

Hapa nawaomba mtulie kidogo, maana jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Habari za biashara ya watumwa tulizo nazo nyingi ziliandikwa na wasafiri, mabalozi, na maofisa wa manowari. Hao waliona msafara ukipita, wakahesabu watu, wakaandika kwamba walikuwa wamekonda. Mtoto aliyetembea ndani ya msafara aliona mambo mengine. Alijua ni nani aliyemshika mkono, alijua alipewa chakula gani, na alijua ni mahali gani alipoacha kumwona mama yake. Hakuna msafiri awezaye kuandika hayo, kwa kuwa hakuwamo. Leo mwenye kutaka kuandika historia ya nchi zetu za karne ile lazima avisome vile vidaftari vya watoto, kwa maana ndio mashahidi.

Tena tazameni kwamba wavulana wale hawakuwa wamepewa elimu ndefu kwanza. Kiswahili kilikuwa lugha ya kujifunza kwao, kama kilivyo kwa watoto wa Ngumbo waingiapo shuleni na lugha ya nyumbani kwao. Lakini waliulizwa jambo walilolijua kuliko mwalimu wao. Hiyo ndiyo siri ya kazi ile. Mwalimu alikuwa na elimu yote ya vitabu, lakini habari ile hakuwa nayo, ikambidi akae asikilize.

Lakini iko hasara katika jambo hilo, nami siwezi kuificha. Kitabu kile kimetoka kwa Kiingereza peke yake. Maneno ya Kiswahili waliyoyaandika wavulana kwa mikono yao hayamo. Na tena majina yao hayakuwekwa juu ya habari zao: huyu aliitwa mvulana wa kabila hili, na yule mvulana wa kabila lile. Hivyo tumepata ushuhuda, lakini sauti yenyewe tumeikosa. Mjukuu wa mmoja wao akikisoma kitabu hicho leo, hawezi kujua kwamba anamsoma babu yake. Nitalirudia jambo hili mwishoni, kwa sababu nataka tujifunze kwalo.

Labda mtu atasema kwamba wale walikuwa watoto waliopatwa na mambo makubwa, na kwamba mtoto wa kijiji chenye amani hana la kusimulia. Jibu lake liko katika nchi ya mbali, Urusi. Huko aliishi mtungaji mkubwa, Leo Tolstoy, aliyefungua shule ya watoto wa wakulima katika shamba lake la Yasnaya Polyana mwaka 1859. Siku moja aliwapa watoto methali ya kwao, akawaambia watunge hadithi kwayo. Watoto wakaona ni kazi ngumu. Ndipo Tolstoy akaanza kutunga mwenyewe mbele yao. Punde wakamzunguka, wakaanza kumsahihisha: mzee wa namna hii hawezi kusema hivi, mke wake asingefanya vile. Wavulana wawili wakashika kazi, naye akawa mwandishi wao. Mwaka 1862 Tolstoy aliandika makala ya kuuliza kama watoto wa wakulima wajifunze kutunga kwetu, au sisi tujifunze kwao. Aliona kwamba watoto wale walijua mambo ya nyumba ya mkulima kwa udogo wake wote, na hayo ndiyo yaliyoipa hadithi uhai. Watoto hao walikuwa wa vijiji vya kulima, kama wetu.

Turudi kwetu. Kazi ya Kiungani haikuishia katika kitabu kimoja. Mwaka 1888 lilianza kupigwa chapa huko gazeti la Kiswahili liitwalo Msimulizi, moja katika magazeti ya kwanza kabisa ya lugha yetu, nalo lilipokea habari kutoka vituo vya misheni. Jina lake lenyewe latuonyesha kazi yake: mtu wa kituo kimoja amsimulie mwenziwe wa kituo kingine. Bwana Martin Kayamba, aliyezaliwa mwaka 1891 na kusoma Kiungani, alikwenda Uingereza mwaka 1931, akaandika kwa Kiswahili kitabu cha mambo aliyoyaona huko. Na mwaka 1936 habari za maisha yake zilitoka katika kitabu kiitwacho Ten Africans. Naye James Mbotela, mtoto wa watu waliookolewa utumwani, wa Frere Town karibu na Mombasa, alitoa mwaka 1934 kitabu chake Uhuru wa Watumwa. Hao walikuwa watu wazima walipoandika. Lakini walitoka katika shule na jamii ambamo mtu kuandika habari zake mwenyewe halikuwa jambo la ajabu.

Na huku pwani ya Nyasa? Misheni ile ile ilifika ziwani katika miaka ya 1880, ikaweka makao yake katika kisiwa cha Likoma. Padre William Percival Johnson alizunguka vijiji vya pwani hii kwa miguu na kwa mashua zaidi ya miaka arobaini, ijapokuwa macho yake yalikuwa karibu na upofu, na mwaka 1928 alifariki akazikwa Liuli. Mwaka 1901 stima Chauncy Maples ilishushwa majini, nayo ilikusudiwa iwe pia shule ya kufundishia waalimu, ikienda kutoka bandari hata bandari. Shule za vijiji zilijengwa kwa miti na nyasi. Watoto waliandika mchangani kwa kidole, kisha juu ya vibao vya mawe, na karatasi ilikuwa kitu cha thamani.

Lugha ya vitabu vya misheni hapa ilikuwa Chinyanja, na Biblia ya Chinyanja ilikuwa kazi ya Johnson mwenyewe. Serikali, kwanza ya Wadachi na kisha ya Waingereza, ilitumia Kiswahili. Kwa hiyo mtoto wa pwani hii alikuwa na lugha tatu: Kinyasa au Kimanda nyumbani, Chinyanja kanisani, na Kiswahili mbele ya serikali na shule yake. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 ikawekwa Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kazi hiyo ilitupa lugha moja ya kuelewana toka Mombasa hata Mbamba Bay, nami naishukuru. Lakini katika madarasa ilileta pia hofu. Mwalimu alishika kalamu nyekundu, akatafuta kosa la ngeli na kosa la herufi, na mtoto akajifunza kwamba maandiko mazuri ni yale yasiyo na alama nyekundu. Na njia rahisi ya kuikwepa alama nyekundu ni kuandika kidogo, au kunakili maneno ya mwenzako.

Toka hapo kazi ya kutunga ikageuka kazi ya mtihani. Nchini Kenya, tangu mwaka 1985 hata 2023, watoto waliomaliza shule ya msingi walitahiniwa katika insha ya Kiswahili. Ni jambo jema kwamba waliandika. Lakini kwa kuwa alama zilikuwa nyingi, watoto wengi walikaririshwa mapambo: jua lilichomoza hivi, moyo ulidunda vile, pamoja na methali kumi za kupachika. Ukizisoma insha ishirini za namna hiyo, utaona jua lile lile limechomoza mara ishirini. Kwetu Tanzania lilitokea jambo la kinyume. Mwaka 2012 karatasi za majibu za mtihani wa darasa la saba zilianza kusomwa kwa mashine, na kazi ya mtoto ikawa kutia kivuli juu ya herufi ya jibu alilolichagua. Mashine haiwezi kusoma hadithi. Basi mwalimu mwenye watoto wengi na siku chache aliona hasara kutumia saa ya somo kwa jambo lisilotahiniwa. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulielekezwa katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na huo ulikuwa msaada mkubwa, maana mtoto asiyejua herufi hawezi kutunga neno. Lakini herufi ni jembe. Mtu hapewi jembe ili alitazame.

Sasa mtauliza, mtoto mdogo afundishwe namna gani? Nitawapa mashauri machache, ambayo hayataki fedha.

Kwanza, mtoto aseme kabla ya kuandika. Mwalimu awaketishe watoto wawili wawili, huyu amsimulie yule, kisha yule asimulie alilolisikia. Asiyejua neno la Kiswahili alitaje kwa lugha ya kwao, na darasa limsaidie kulitafuta. Hadithi ikiisha kunyooka mdomoni, mkono huifuata.

Pili, jambo la kuandikia liwe la kwao. Ukimwambia mtoto wa Ngumbo aandike habari za safari ya treni, na hajapata kuiona treni, atakopa maneno ya kitabu. Lakini mwambie aandike jinsi usipa wanavyoanikwa juu ya mchanga, na mvua inapokuja ghafula ni nani akimbiaye kwanza. Mwambie aandike jinsi mtumbwi unavyochongwa, au ziwa linavyogeuka rangi upepo wa mwera ukianza, au nyanya yake asemavyo akipepeta unga wa muhogo. Na mtoto wa milimani, Umatengo, aandike jinsi mashimo ya ngoro yanavyochimbwa shambani na nani hufanya kazi gani. Hapo mwalimu aliyetoka nchi nyingine atakuwa mwanafunzi, kama Madan alivyokuwa Kiungani.

Tatu, mwalimu atunge pamoja nao ubaoni, hata akosee mbele yao. Aandike sentensi moja, aulize: "Je, ndivyo mvuvi asemavyo?" Wakimwambia sivyo, aifute. Watoto wakiona kwamba hata mwalimu hufuta, hawataogopa kufuta.

Nne, katika kusahihisha, mwalimu asome kwanza habari yenyewe hata mwisho, amwambie mtoto jambo moja alilolipenda na amwulize jambo moja asilolielewa. Kisha achague kosa la namna moja tu la kulifundisha siku hiyo. Makosa ya herufi yataondoka kidogo kidogo. Mtoto aliyekwisha kuvunjika moyo hataandika tena, na asiyeandika hana kosa la kusahihishwa.

Tano, uongo wa hadithi usiitwe dhambi. Watoto wetu hukua na hadithi za sungura na fisi, nao hujua vizuri kwamba sungura hasemi. Mtoto akiandika kwamba samaki mbasa alimjibu mvuvi, usimwulize kama ni kweli. Mwulize mbasa alisema nini, na mvuvi alifanya nini baada ya kusikia.

Mzazi naye ana sehemu yake, hata kama hajui kusoma. Mtoto akirudi jioni na daftari, mwambie, "Nisomee." Akiuliza habari za zamani, za babu zake walivyokuja pwani hii, au za mashua zilizozama, mjibu kwa utaratibu, wala usimfukuze kwa kuwa una kazi. Wazee wanaojua kuchonga mtumbwi kwa shoka na tezo wanapungua, na wanaojua majina ya zamani ya miamba na vijito wanapungua pia. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuyaandika majina hayo kwa mchana mmoja, akikaa na babu yake chini ya mwembe.

Na sasa narudi katika ile hasara ya Kiungani niliyosema nitairudia. Watoto wale waliandika, lakini maneno yao yenyewe hayakuwekwa pamoja na tafsiri, wala majina yao. Sisi tusiwafanyie watoto wetu hivyo. Mwisho wa mwaka madaftari ya shule hupasuliwa, yakawashia moto au yakafungia karanga. Kila shule ichague daftari moja kubwa, lenye jalada gumu, na kila mtoto anakili humo andiko lake moja alipendalo kuliko yote, pamoja na jina lake, kijiji chake na mwaka. Andiko libaki kwa maneno yake mwenyewe. Daftari hilo liwekwe katika sanduku pasipofika mchwa wala mvua, na watoto wa mwaka ujao wasomewe.

Haliongezi mshahara wa mwalimu, wala halimpi mtoto alama katika mtihani. Lakini baada ya miaka hamsini mtu wa Ngumbo akitaka kujua pwani hii ilikuwaje katika siku zetu, watu walikula nini, waliogopa nini na walicheka nini, atalifungua. Tena humo atalikuta jina la mama yake, alipokuwa na miaka minane, na sentensi alizozitunga mwenyewe.